Maswali ya Wasomaji: Nani Anahesabu Waliokufa Vitani?

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni ukweli wa taarifa za vita, hasa pale maelezo ya jeshi yanapopishana na ya waandishi wa habari. Tumezifupisha bila kugusa hoja za walioziandika.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Eldoret, mji wenye kambi ya Moi walikotoka askari wengi waliouawa El Adde, Somalia. Kila ifikapo Januari mabishano huanza upya. Mmoja husema waliokufa ni 141, mwingine husema ni karibu 200, na wa tatu husema hizo zote ni propaganda za Al-Shabaab. Jeshi lenyewe halikutaja idadi. Sisi watu wa kawaida tumwamini nani? – *Msomaji, Eldoret*

JIBU: Kuna mambo ambayo hakuna upande unaoyabishia, na ni vizuri kuyatanguliza. Alfajiri ya Januari 15, 2016, wapiganaji wa Al-Shabaab waliishambulia kambi ya El Adde katika mkoa wa Gedo, ambako kombania ya Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) ilikuwa ikitumikia chini ya AMISOM, yaani kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia. Walitanguliza gari lililojaa vilipuzi, wakaingia nyuma yake, na kambi ikawa mikononi mwao. Mabishano yanaanzia hapo.

Taarifa ya kwanza ya msemaji wa KDF siku hiyo haikusema kwamba kambi ya Kenya imevamiwa. Ilisema kambi iliyoshambuliwa ni ya jeshi la Somalia iliyokuwa jirani, na kwamba askari wa Kenya walikuwa wamejibu mashambulizi ili kuwasaidia wenzao. Al-Shabaab nao, katika siku zile zile, walidai kuwaua zaidi ya askari 100. Baadaye Mkuu wa Majeshi, Jenerali Samson Mwathethe, alieleza kwamba vilipuzi vilivyotumika vilikuwa na nguvu mara tatu ya bomu lililolipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998. Tafadhali liangalie jambo hili kwa makini: bomu lilipimwa na kipimo chake kikatangazwa, lakini watu waliouawa na bomu hilo hawakutangaziwa idadi. Januari 27 ikafanyika ibada ya kumbukumbu katika kambi ya Moi, wakahudhuria marais watatu, Uhuru Kenyatta, Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia na Muhammadu Buhari wa Nigeria, na bado idadi haikutajwa.

Mwezi uliofuata, Rais Hassan Sheikh alisema katika mahojiano ya televisheni kwamba askari 180 au karibu 200 waliotumwa kuwasaidia Wasomali waliuawa asubuhi moja. Kenya ilikanusha, ila haikutoa idadi yake badala ya ile iliyoikataa. Mwezi Mei mwaka huo huo kituo cha CNN kikatangaza kwamba waliouawa ni angalau 141. Hizo ndizo namba zinazogombaniwa mjini kwenu.

Kosa la mabishano mengi ni kuziweka namba hizi mezani kana kwamba zote zinajibu swali moja. Al-Shabaab ndio waliobaki uwanjani baada ya mapigano, kwa hiyo walikuwa na nafasi ya kuona maiti kuliko mtu mwingine yeyote, lakini pia hakuna aliyekuwa na sababu kubwa kuliko yao ya kuongeza chumvi. Rais wa Somalia hakuwa adui wa Kenya. Alikuwa akisifu mchango wake, na hakuwa na faida yoyote katika kuukuza msiba wa rafiki yake. Hata hivyo alikuwa akizungumza, hakuwa akisoma ripoti, na mtu anayesema "180 au karibu 200" anakadiria. Inawezekana kabisa kwamba alichanganya idadi ya askari waliokuwa kambini na idadi ya waliouawa. Namba ya CNN imetanguliwa na neno "angalau", na neno hilo ndilo watu wanaolisahau. Maana yake ni kwamba walioichunguza habari hiyo waliweza kufika hapo, si kwamba waliokufa waliishia hapo.

Ukitaka maoni yetu, namba inayostahili uzito zaidi ni hiyo ya 141, ikichukuliwa kuwa ni kima cha chini. Kombania kwa kawaida huwa na askari kati ya mia moja na mia mbili hivi, kwa hiyo namba hiyo haipingani na ukubwa wa kikosi kilichokuwapo. Kubwa zaidi ni kwamba upande pekee uliokuwa na orodha ya majina, orodha ya mishahara na orodha ya mazishi ulichagua kuipinga kwa maneno matupu. Mtu mwenye daftari akikanusha hesabu ya jirani bila kulifungua daftari lake, wasikilizaji wana haki ya kubaki na hesabu ya jirani mpaka atakapolifungua.

Tusilionee jeshi, maana kuhesabu kulikuwa kugumu kwa kweli. Miili mingine iliharibika kiasi cha kuhitaji uchunguzi wa vinasaba, baadhi ya askari walikimbilia porini wakapatikana baadaye, na wengine walichukuliwa mateka. Msemaji ambaye angetaja idadi kamili katika siku mbili za kwanza angekuwa anabahatisha. Ugumu huo unaeleza ukimya wa wiki za mwanzo. Hauelezi ukimya uliobaki baada ya miili kutambuliwa na familia kukabidhiwa.

Gharama ya ukimya huo ilionekana mwaka mmoja baadaye. Januari 27, 2017, kambi nyingine ya KDF, ya Kulbiyow karibu na mpaka wa Kenya, ilishambuliwa kwa mtindo ule ule. Asubuhi jeshi lilikanusha kwamba kambi imetekwa. Baadaye likasema askari 9 wameuawa na 15 wamejeruhiwa, na kwamba wapiganaji zaidi ya 70 wameuawa. Al-Shabaab wakadai kuwaua Wakenya 57. Safari hii jeshi lilitoa idadi, na huenda ilikuwa sahihi, lakini watu wengi hawakuisadiki kwa sababu walikuwa bado wanaingoja ile ya El Adde. (Wafu wa adui, kama ulivyoona, huhesabika upesi sana, na mara nyingi kwa namba ya makumi kamili.)

SWALI: Mhariri, nilitumikia jeshi hadi kustaafu. Kutangaza idadi ya askari waliouawa ni kumpa adui taarifa ya ushindi wake bila malipo, na kuwavunja moyo vijana walioko mstari wa mbele. Waandishi wanaoandika wakiwa Nairobi hawajawahi kulala kwenye handaki hata usiku mmoja. Je, hamuoni kwamba mnaisaidia kazi ya magaidi? – *Askari mstaafu, Nanyuki*

JIBU: Afande, sehemu ya hoja yako hatuna ubishi nayo. Yako mambo ambayo mwandishi mwenye akili timamu hatayachapisha vita vikiendelea: njia za misafara, idadi ya askari waliobaki kambini, aina ya silaha zilizopotea, mahali ambapo waliojeruhiwa wamepelekwa, na majina ya waliokufa kabla wazazi na wake zao hawajaarifiwa na mtu aliyebisha hodi mlangoni. Jeshi la Marekani, ambalo hakuna anayeweza kusema halijui vita, lina utaratibu wa kungoja saa 24 baada ya familia kuarifiwa ndipo litangaze jina. Utaratibu kama huo unalinda heshima ya marehemu na haki ya umma kwa pamoja. Picha za maiti nazo ni jambo tunalokubaliana nawe, nasi hatujachapisha hata moja.

Idadi ya waliouawa katika kambi iliyotekwa ni jambo la namna nyingine. Adui ndiye aliyeingia humo, akatembea kati ya miili, akaipiga picha. Hakuna anachofichwa yeye. Anayefichwa ni mzazi wa Kericho na mbunge wa kamati ya ulinzi, na huyu wa pili ana wajibu wa kikatiba. Ibara ya 240 ya Katiba ya Kenya inataka idhini ya Bunge kabla majeshi hayajapelekwa nje ya nchi kwa shughuli za kikanda au za kimataifa, na inalitaka Baraza la Usalama wa Taifa litoe ripoti kwa Bunge kila mwaka. Idhini hiyo haina maana ikiwa wanaoitoa hawaambiwi gharama yake kwa hesabu ya watu.

Umetaja kuvunjwa moyo kwa vijana. Wewe unajua kuliko sisi kwamba askari wa batalioni husika hawakungoja gazeti ili wajue nani hakurudi, kwa sababu vitanda vyao viko bweni moja. Kinachoweza kuwavunja moyo ni kuona wenzao wakizikwa mmoja mmoja vijijini, huku taarifa rasmi ikisema maneno ambayo wao wanajua si kamili.

Kuhusu kuwasaidia magaidi, serikali ilikuwa na mtazamo kama wako. Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, marehemu Joseph Nkaissery, alionya kwamba wanaosambaza picha za El Adde watakamatwa, na katika mwezi huo wa Januari mwandishi mmoja wa habari alikamatwa kwa sababu ya mambo aliyoyaandika mtandaoni kuhusu shambulio hilo. Jambo hilo lilitokea wakati Mahakama Kuu, Februari 2015, ilikuwa imekwisha kuvifuta vifungu kadhaa vya sheria ya usalama ya mwaka 2014, kikiwemo kilichomtishia mchapishaji kwa kifungo cha hadi miaka mitatu au faini ya hadi shilingi milioni tano. Mahakama iliona vifungu hivyo vinabana uhuru wa kujieleza kupita kiasi, na kwa maoni yetu iliona sawasawa.

Linganisha na Uganda. Mei 26, 2023, Al-Shabaab waliishambulia kambi ya Waganda ya Buulo Mareer, kusini magharibi mwa Mogadishu, wakadai kuwaua askari 137. Rais Yoweri Museveni alikaa kimya siku kadhaa, kisha akatangaza kwamba miili 54 imepatikana, ukiwemo wa kamanda, na akaongeza maelezo ambayo hakuna msemaji wa jeshi angeyapenda: kwamba baadhi ya askari waliingiwa na hofu, na kwamba maofisa wawili waliotoa amri ya kurudi nyuma wangefikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Jeshi la Uganda halikusambaratika kwa kauli hiyo, na mjadala uliofuata ulihusu ulinzi wa kambi na makosa ya uongozi, badala ya kuzunguka pale pale kwenye kuuliza kama kuna watu waliokufa. Hatusemi Uganda ni mfano wa kuigwa katika kila jambo. Namba iliyotamkwa na rais bila orodha ya majina nayo inabaki kuwa neno la rais.

Hapo pana kasoro ambayo haizungumzwi sana. AMISOM iliiachia kila nchi inayochangia askari itangaze yenyewe hasara zake, na ATMIS iliyoirithi mwaka 2022 ikafuata njia hiyo. Wanajeshi wa Burundi waliposhambuliwa El Baraf mwezi Mei mwaka huo, Bujumbura ilisema waliouawa ni 10, Al-Shabaab wakasema ni 173. Kikosi ni kimoja na adui ni yule yule, lakini marehemu wake wamehesabiwa kwa desturi za miji mikuu tofauti, kila mmoja na hofu zake za kisiasa. Mtu anayetaka kujua Umoja wa Afrika ulipoteza askari wangapi Somalia tangu 2007 hana daftari moja la kuliendea.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa historia, Bukoba. Katika vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, tunasoma kwamba Amin alikuwa mwongo redioni na sisi tulisema kweli. Babu yangu, aliyekuwa mgambo, hucheka akisikia hivyo. Pia nimekuta mahali pameandikwa kwamba askari wetu waliokufa ni 96, na pengine 373. Ipi ni sahihi? – *Mwanafunzi, Bukoba*

JIBU: Babu yako ana sababu ya kucheka, ijapokuwa uwongo wa pande mbili haukuwa wa uzito mmoja. Redio Uganda ilitangaza mwezi Oktoba 1978 kwamba Tanzania ndiyo iliyoivamia Uganda, na siku chache tu baadaye ikatangaza kwa fahari kwamba Uganda imelitwaa eneo lote hadi mto Kagera. Kauli hizo mbili zilitoka katika redio moja. Upande wa Tanzania, hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, ile ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga, haikuficha kwamba nchi imevamiwa na kwamba itapigana.

Ukungu uliingia baadaye, jeshi lilipovuka mpaka. Katika miezi ya mwanzo ya 1979 Dar es Salaam ilipenda ulimwengu uamini kwamba wanaosonga kuelekea Kampala ni Waganda waliokuwa uhamishoni, kwa sababu kuivamia nchi jirani na kuiangusha serikali yake ni jambo lililogusa moja kwa moja katiba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Waganda hao walikuwepo kweli, lakini mzigo mkubwa wa vita ulibebwa na JWTZ, yaani jeshi la Tanzania, na watu wa mpakani waliokuwa wakitazama misafara ikipita Kyaka na Mutukula walilijua hilo. Waandishi wengi walizuiwa kufika mstari wa mbele. Mambo kama ndege za Tanzania aina ya MiG kuangushwa kwa makosa na mizinga ya Tanzania yenyewe huko Musoma hayakujulikana kwa tangazo la redio. Yaliandikwa baadaye na waandishi wawili Wamarekani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam, ambao waliruhusiwa kufuatana na jeshi.

Namba zako mbili zinatokana na kazi ya waandishi hao, na wala hazipingani. Waliandika kwamba askari wa Tanzania waliokufa katika kipindi cha vita ni 373, na kati yao 96 ndio waliouawa katika mapigano yenyewe. Waliobaki walikufa kwa ajali na sababu nyingine. Mtu anayetaka kuonyesha kwamba ushindi ulikuwa rahisi atakutajia 96. Anayetaka kuonyesha gharama atakutajia 373. Wote wawili watakuwa wamenukuu sawasawa, na msomaji asiyeuliza "waliokufa namna gani?" atakuwa amepotoshwa bila mtu yeyote kumdanganya. Zaidi ya hapo, hakuna namba kati ya hizo mbili inayowagusa raia wa Kagera waliouawa wakati wa uvamizi, wanaokadiriwa kufikia 1,500. Hao si hasara ya jeshi, kwa hiyo hawamo katika hesabu ya jeshi, ingawa vita vilipiganwa juu ya mashamba yao ya migomba.

Swali la babu yako ni zuri kuliko yote uliyoyaandika, hata kama hakuliuliza. Jeshi lililoanza vita likiwa na watu wasiofika 40,000 lilikuzwa hadi kuzidi 150,000 kwa kuingiza mgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Unapokuta neno "askari" katika hesabu ya marehemu, uliza kama mgambo aliyekufa akiwa amebeba masanduku ya risasi ameandikwa humo. Una jambo moja ambalo mwenzako wa Eldoret hana: makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, hayako mbali nawe, na huko majina ya mashujaa yameandikwa kwenye mnara. Jina linaweza kupelekwa kijijini na kuulizwa. Nenda na daftari, na ukiweza nenda na babu, kwa sababu atakuambia ni nani aliyemjua ambaye jina lake halipo.

SWALI: Niko Doha kikazi. Video za mashambulizi ya Somalia hutufikia kwenye simu kabla ya taarifa yoyote ya jeshi. Je, video si ushahidi tosha? – *Msomaji, Doha*

JIBU: Ni ushahidi wa baadhi ya mambo tu. Baada ya El Adde, Al-Shabaab walitoa video ndefu iliyohaririwa kwa ustadi. Iliwaonyesha wapiganaji wakiwa ndani ya kambi ya Wakenya, kwa hiyo iliweza kuikanusha ile taarifa ya kwanza iliyosema kambi iliyoshambuliwa ni ya Wasomali. Haikuweza kutupa idadi, kwa sababu mwenye kamera huchagua upande wa kuelekeza, mwili mmoja huweza kupigwa picha kutoka pembe tatu, na wapiganaji wa kundi lenyewe waliouawa asubuhi hiyo hawakuonyeshwa kwa hesabu yoyote ya kuaminika. Ukiipokea video ya namna hiyo, tazama majengo, milima, magari na sare, ambavyo mtu anaweza kuvilinganisha na picha za setilaiti au na picha za zamani za kambi hiyo, na usihangaike na sauti ya msimulizi inayotaja waliouawa. Kabla ya kuituma mbele, kumbuka kwamba katika vikundi vyenu vya simu huko Ghuba wamo ndugu wa askari ambao bado hawajapigiwa simu na mtu yeyote.